Nani Asaini Umeme wa Jengo la Biashara: Yale Ninayowaambia Wateja Wangu wa Dodoma

Mzee mmoja wa Kizota, mwenye kinu cha kukamua alizeti, alinipigia simu mwezi wa kumi. Vijana wake walikuwa wamegoma kuishika mashine mpaka wasimame juu ya ubao mkavu, maana ilikuwa "inawatetemesha". Nilipofika hakunipeleka kwenye mashine. Alinikalisha kwanza, akanifungulia faili la plastiki. "Dada fundi, mimi karatasi zangu ziko sawa. TANESCO waliniwashia, muhuri huu hapa."

Muhuri ulikuwepo kweli, wa bluu, umegongwa ukakolea. Nikamwomba ruhusa nipige namba iliyokuwa kwenye muhuri ule. Aliyepokea alikuwa mkoa mwingine kabisa, mtu mstaarabu, na wala hakuona haya: "Ah, ile ya Dodoma? Mimi niligonga tu, dada. Kazi alifanya kijana mmoja wa hukohuko." Kizota hajawahi kukanyaga.

Nina miaka 19 kwenye kazi hii. Nilianzia VETA hapahapa Dodoma, nikabeba ngazi za watu, nikachimba mitaro ya kebo Area C jua la saa saba, ndipo nikafika kwenye leseni yangu. Kwa muda huo wote, biashara ya kukodisha muhuri nimeiona inakua kadiri mji unavyokua. Kijana asiye na leseni anafanya wayaringi, halafu anamtafuta mwenye leseni anayeuza saini kama mtu anavyouza vocha. Kwa hiyo mtu akiniuliza nani anaruhusiwa kuthibitisha umeme wa jengo lisilo la kuishi, jibu langu lina vipande viwili: awe na leseni inayofika ukubwa wa kazi yako, na awe ameipima kazi hiyo kwa mikono yake. Kipande cha kwanza utakikagua kwa kusoma karatasi. Cha pili kinataka uwepo mwenyewe, na ndicho nitakachokaa nacho zaidi.

Anza kwa kulijua jengo lako

Jengo lisilo la makazi ni duka, gesti, baa, ofisi, zahanati, shule, kanisa, msikiti, kinu, karakana, godauni. Kisasa na Nkuhungu kuna nyumba tele zenye fremu tatu mbele na familia nyuma. Hizo mimi nazihesabu upande wa fremu, kwa sababu mtu atakayeshika friji ya soda pale mbele hakuchagua kuingia kwenye wayaringi wako. Nyumbani kwako unajua soketi gani imelegea. Mteja wa dukani hajui.

Kabla hujamtafuta mtu, jua mambo matatu. Umeme wako ni fezi moja au fezi tatu? Mzigo wako mkubwa ni upi: mota, oveni ya mkate, viyoyozi, mashine ya kuchomelea? Na uko kundi gani la bei TANESCO? Wafanyabiashara wengi wadogo wako T1. Wanaotumia wastani wa zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi, na mahitaji yao hayazidi kVA 500, wako T2. Ukiunganishwa kwenye msongo wa kati uko T3, na hapo fundi wa mtaani hatuongei naye tena, hata mimi nakaa pembeni. Majibu hayo matatu ndiyo yanayoamua leseni ya daraja gani inakutosha.

Leseni isomwe, isitazamwe tu

Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 imeweka ufungaji wa mifumo ya umeme kwenye orodha ya shughuli zinazohitaji leseni, na mtoa leseni ni EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Ofisi zao kuu ziko hapahapa Dodoma, kwa hiyo sisi wa mji huu hatuna kisingizio cha umbali. Madaraja yanaanzia A kushuka hadi D, na liko la W kwa waunganishaji wa kazi ndogo, na la S kwa kazi maalumu. Kadiri herufi inavyoshuka kutoka A ndivyo ukubwa wa kazi unavyopungua. Mwenye daraja la chini anaweza kuwa fundi hodari kuliko mwenye daraja la juu, nimewaona wengi, lakini uhodari hauongezi herufi. Kinu cha fezi tatu hakisainiwi na mtu ambaye leseni yake inaishia kwenye fezi moja.

Omba leseni yenyewe, usikubali picha ya WhatsApp. Angalia jina: ni la huyu aliyesimama mbele yako, au la mjomba wake? Angalia daraja na maelezo ya kazi anazoruhusiwa. Angalia tarehe ya kuisha. Nilishawahi kuona leseni iliyokuwa imeisha miezi minane, imelaminiwa vizuri, na sehemu ya tarehe imefunikwa na stika ya kampuni. Chukua namba yake ukaithibitishe EWURA. Maombi ya leseni yanapita kwenye mfumo wao wa mtandaoni, LOIS, kwa hiyo kumbukumbu zipo. Mwenye leseni halali hakasiriki ukimwambia unakwenda kuhakikisha. Anayekasirika amekurahisishia kazi.

Kama ni kampuni inayochukua kandarasi ya ujenzi, kuna karatasi ya pili: usajili wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, wa upande wa umeme. Watu huzichanganya hizi mbili. EWURA inasema mtu huyu anaruhusiwa kushika umeme wa kiwango gani. CRB inasema kampuni hii inaruhusiwa kuchukua kandarasi ya ukubwa gani. Mkandarasi wa majengo aliyesajiliwa CRB kwa kujenga kuta hajapata kwa usajili huo ruhusa ya kusaini DB yako, yaani sanduku la breka, hata kama amekupa bei moja ya "kila kitu mpaka taa". Muulize: kwenye umeme umemweka nani? Nataka kumwona kabla mabomba hayajafukiwa kwenye ukuta.

Jengo likiwa kubwa, la ghorofa, hospitali au hoteli, lazima awepo mhandisi wa umeme aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, aliyechora na kupiga hesabu za mzigo. Hapo saini zinakuwa tatu: aliyebuni, aliyefunga, aliyekagua na kupima. Cheti cha kiwango cha Uingereza, BS 7671, ambacho wengi wetu tumefundishwa nacho, kina nafasi tatu za namna hiyo. Kwenye fremu ya kunyolea nywele mtu mmoja anaweza kuzijaza zote. Kwenye hoteli ya vyumba 60, ukiona mwandiko mmoja kote, uliza kwa nini.

Saini ambazo watu hudhani ni hii

TANESCO kuwasha umeme si uthibitisho wa wayaringi wako. Wanapokea maombi, siku hizi kwa mfumo wao wa Nikonekt, wanataka kazi iwe imepita kwa mtu mwenye leseni, wanakuja kuangalia, wanakufungia mita. Jukumu lao linaishia mitani. Kuanzia hapo kuingia ndani ni mali yako na balaa lako. Kijana wa TANESCO akikwambia "hapa pako vizuri" amekuwa mwema, lakini hajakupimia saketi hata moja.

OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, wanasimamia sheria namba 5 ya mwaka 2003. Wanasajili mahali pa kazi na kukagua, umeme ukiwemo. Ukaguzi wao ni wa lazima na una faida yake: mkaguzi wao ndiye aliyeniunga mkono nilipokataa kuwasha karakana moja ya Nala. Lakini yule anakagua kama mwajiri anawalinda wafanyakazi. Hakufunga kazi ile, hawezi kusimama badala ya aliyeifunga. Zimamoto nao vivyo hivyo: watakuuliza kuhusu mitungi, njia za kutokea na king'ora, na wanaweza kukutaka uonyeshe cheti cha umeme. Wanakiomba kwako, hawakutengenezei.

Fundi wa matengenezo uliyemwajiri hotelini kwako, muuza jenereta, mwalimu wa umeme wa chuo, msimamizi wa ujenzi: hakuna hata mmoja anayesaini kwa cheo hicho alichonacho. Akiwa na leseni ya daraja linalofaa, na amepima, sawa. Anasaini kwa leseni, cheo akiweke pembeni.

Niseme kidogo kuhusu shule na zahanati zinazojengwa kwa fosi akaunti, maana huku vijijini Chamwino na Bahi ndiko ninakokutana na mambo. Kamati ya kijiji inaajiri mafundi wa hapohapo, jambo zuri, pesa inabaki kijijini. Kwenye matofali nidhamu ipo: mhandisi wa halmashauri anakuja na rula yake. Ikifika zamu ya umeme, anaitwa kijana aliyefunga sola kwa mwenyekiti. Ndugu wajumbe wa kamati, pesa ya mtu mwenye leseni iwekeni kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, ikae kwenye mstari wake. Na kwa majengo ya serikali kuna TEMESA, Wakala wa Ufundi na Umeme. Waulizeni kabla hamjaanza kuokoteza.

Andikianeni kabla ya waya wa kwanza

Hii ni fupi. Kwenye makubaliano andika jina la mtu atakayepima na kusaini, namba ya leseni yake, na kwamba malipo ya mwisho yanatoka baada ya kukabidhiwa cheti pamoja na karatasi ya vipimo vya kila saketi. Mimi mwenyewe nakubali mteja abakize asilimia kumi mpaka siku hiyo. Andika pia kwamba huyo atakayesaini atakuja kuona kabla mabomba hayajapigwa plasta, kwa sababu kilichofukiwa ukutani hakuna atakayekiona tena. Usiandike "kazi ifanyike kitaalamu". Maneno hayo hayajawahi kumbana mtu.

Siku ya kupima, uwepo

Huna haja ya kujua umeme. Unahitaji kiti na kalamu, na nusu siku yako.

Mpimaji wa kweli anafika na mkoba. Ndani yake kuna mashine ya kupimia, sisi tunaiita mega hata kama inafanya mambo mengine matano, yenye namba yake na stika ya kuonyesha lini ilihakikiwa. Maabara za ugezi, yaani za kuhakiki vifaa vya kupimia, zipo, TBS wanayo. Mtu aliyekuja na testa ya bisibisi na balbu yenye waya mbili hajaja kupima, amekuja kuangalia kama umeme upo.

Kazi inaanza umeme ukiwa umezimwa. Hilo tu linakutosha kumjua mtu. Kwanza atahakikisha waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, umefika kila soketi na kila bodi ya chuma bila kukatika. Halafu atapima uzima wa maganda ya waya kwa volti 500 za mkondo mnyoofu: kati ya fezi na nyutro, kati ya hizo na ethi. Kiwango cha chini kinachokubalika ni megaomu 1, lakini wayaringi mpya mzuri hutoa mamia. Kabla ya hapo atakuomba uchomoe kompyuta, friji na taa zenye vidude vya elektroniki, kwa sababu volti 500 zingeziua. Asipokuomba uchomoe chochote, ama hapimi ama atakulipia televisheni. Kisha anahakikisha swichi zinakata fezi, hazikati nyutro.

Baada ya hapo ndipo umeme unawashwa, na hapa kwetu ndipo penye kiini. Majengo mengi ya Dodoma yanategemea ethi rodi yake yenyewe iliyopigwa ardhini. Piga hesabu nami. Tuseme rodi yako ni nzuri, omu 20 (omu ni kipimo cha ukinzani; kwa rodi, ndogo ndiyo nzuri). Fezi ikigusa bodi ya mashine, volti 230 gawa kwa 20 ni ampea 11.5. Breka yako ni ya ampea 32. Itakaa kimya, inaona mzigo wa kawaida kabisa, huku bodi ya mashine ikiwa na umeme wa kuua mtu. Ndiyo maana kwenye mfumo wa rodi lazima iwepo ile breka yenye kitufe kilichoandikwa T, mafundi tunaiita RCD. Yenyewe haisubiri ampea 32. Ya soketi hukata mkondo ukivuja miliampea 30 tu.

Sasa kubonyeza T hakutoshi. T inaonyesha kidude chenyewe kinaruka, haisemi lolote kuhusu rodi yako wala muda. Mpimaji anaingiza uvujaji wa miliampea 30 kupitia mashine yake na kusoma muda: RCD ya kawaida isizidi milisekunde 300. Nikikuta 28 au 35 natabasamu. Nilishakuta moja ya bei ya kutupwa, imenunuliwa kwa mafungu, haikuruka kabisa, na kitufe cha T kilikuwa kinabonyezeka vizuri tu.

Yote haya yanaandikwa pale pale, saketi kwa saketi: namba yake, inahudumia nini, ukubwa wa breka, unene wa waya, kisha vipimo. Hiyo ndiyo karatasi ninayokuambia udai. Cheti bila hiyo karatasi ni kadi ya mwaliko. Na hata ukiwa hujui kusoma namba zake, uongo utauona. Saketi 18 na zote zina megaomu 200 sawasawa? Haiwezekani. Waya wa mita sita na waya wa mita arobaini ni nadra kutoa kipimo kimoja. Vipimo vya kweli vina sura ya soko la Sabasaba, ni nadra viwili kufanana: 187, 412, 96, zaidi ya 999. Muda wa RCD zote ni 25? Ametunga. Karatasi haina hata doa la vumbi wala kufutwafutwa? Aliijazia hotelini jioni, akisubiri chipsi kuku.

Ardhi yetu hii

Fundi aliyejifunzia Tanga au Bukoba akija Dodoma anapata tabu na rodi. Mvua yetu ni ya miezi michache, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na jumla yake ni ndogo. Miezi inayobaki ardhi inakauka mpaka inapasuka, na mchanga mkavu haupitishi umeme. Rodi niliyoipima Ihumwa mwezi wa tatu ikanipa omu 22, niliirudia mwezi wa kumi ikanipa 90 na ushee. Ni rodi ileile na mashine ileile, sikuibadilisha hata klampu.

Kwa hiyo angalia tarehe ya kipimo. Kikiwa cha Februari, mwambie mpimaji akurudie mwezi wa tisa au wa kumi kupima ethi peke yake. Ni kazi ya saa moja. Kwa hesabu, RCD ya miliampea 30 inaweza kufanya kazi hata rodi ikiwa na omu zaidi ya elfu moja, ila tunakaa mbali na huko: ikivuka 200 kipimo hakiaminiki tena, kinayumba na hali ya hewa. Mimi nikiona 100 kiangazi naongeza rodi ya pili, iwe mbali na ya kwanza angalau kwa urefu wa rodi yenyewe, na naipeleka penye unyevu, karibu na karo la maji ya kunawia, kuliko kuipiga chini ya ukuta unaochomwa na jua siku nzima. Rodi ya futi nne inayouzwa barabarani isahau. Nusu yake haivuki hata tabaka la juu lililokauka.

Na kuna ujanja wa ndoo. Asubuhi ya kupima, kijana anaamka mapema, anamwaga ndoo mbili za maji ya chumvi kwenye rodi. Kipimo kinatoka kizuri ajabu. Baada ya wiki tatu maji yamekauka, na chumvi imebaki inaila rodi taratibu. Ukifika ukakuta ardhi imelowa kwenye rodi tu, na kwingine vumbi, muulize nani alikuwa anamwagilia bustani.

Jenereta

Lodge nyingi za mjini, hasa msimu wa Bunge, zina jenereta. Cheti kilichopimwa kwa umeme wa TANESCO peke yake hakisemi lolote kuhusu usiku umeme ukikatika. Mwambie mpimaji awashe jenereta, ageuze chenjiova, ile swichi ya kuhama kati ya TANESCO na jenereta, apime tena. Jenereta ambayo nyutro yake haijaunganishwa na ethi inavyotakiwa inaweza kuzifanya RCD zote za jengo kuwa mapambo. Mwenye lodge mmoja alinikatalia kwa sababu dizeli ni ghali. Lita mbili, jamani. Nilipima siku nyingine kwa dizeli niliyokuja nayo, na RCD za ghorofa ya pili hazikuruka hata moja. Chenjiova nayo iwe ya kugeuka upande mmoja au mwingine, isiwe breka mbili ambazo mlinzi anatakiwa kukumbuka kuzima moja kabla ya kuwasha nyingine. Atasahau siku moja, na umeme utapanda nguzo kumfuata fundi wa TANESCO aliyeko juu akidhani laini imekufa.

Ukiongeza kitu, saini ya zamani haikifuati

Cheti kinafunika kazi iliyokuwepo siku ya kupimwa. Ukiongeza oveni, viyoyozi vinne au mashine ya pili ya kukamua, nyongeza hiyo inahitaji kupimwa na kusainiwa na mtu wa daraja lake, na aangalie kama waya wa kutoka mitani bado unabeba mzigo wote. Hata usipoongeza kitu, vitu vinachakaa. Waingereza hupendekeza ofisi, maduka na hoteli zikaguliwe upya kila baada ya miaka 5, viwanda miaka 3, na vituo vya mafuta kila mwaka. Kwa joto letu na panya wetu mimi ningeanza mapema kidogo.

Na kama jengo lina miaka tayari, limewashwa, na cheti hakuna au ni cha kukodi? Hapa ndipo ninapogombana na watu. Wanataka nisaini cheti cha kazi aliyofanya mwingine. Siwezi, na usimwamini anayeweza. Sikuona waya zikiingia ukutani, sijui kilichofukiwa. Ninachoweza kutoa ni ripoti ya ukaguzi: nilipita tarehe fulani, nikapima hiki na hiki, nikakuta haya, haya ni ya hatari leo, haya yanaweza kusubiri, na haya sikuweza kuyafikia. Ripoti ina saini yangu na leseni yangu, na bima na OSHA wanaweza kuisoma, lakini haiitwi cheti cha usakinishaji.

Ndivyo ilivyokuwa Kizota. Rodi ya mzee ilinipa omu 140, RCD hakuna, na mota moja ilikuwa inavujisha umeme kwenye bodi yake kwa vumbi la mashudu na mafuta yaliyoingia ndani. Nilizima mashine ile, nikafunga breka yake kwa kufuli, ufunguo nikampa yeye. Ripoti ilikuwa kurasa nne. Alisoma ukurasa wa kwanza, akaniuliza kwa unyonge: "Sasa dada, muhuri hunigongei?"

Nikamwambia nitamgongea kwa nilichofanya. Tukapiga rodi tatu, tukabadilisha DB, tukavuta waya mpya wa mota zote mbili. Kazi ya siku sita. Kwenye cheti nikaandika hivyohivyo: DB, rodi na saketi za mota mbili. Taa za godauni na soketi za ofisini sikuzigusa, na cheti kimesema sikuzigusa. Alilisoma hilo mara mbili, akaniuliza bei ya kumalizia zilizobaki. Tulizifanya mwezi wa pili, baada ya msimu, na mwezi wa kumi uliofuata nikarudi na mega kupima rodi. Omu 38. Vijana wake walikuwa kazini, na ule ubao ulikuwa umegeuzwa benchi la kulia chakula.